Mwaka Niliochaji Gari kwa Mke Mwenzangu

Tulimzika Benta Jumapili iliyopita, baada ya mvua ya asubuhi kukatika. Pasta wa Kisabato aliniita nizungumze kwa niaba ya nyumba kubwa, nikasimama mbele ya mahema na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, nikasema yale yanayosemwa: alikuwa mchapakazi, alipenda watu, Mungu amlaze pema. Watu wakaitikia. Niliporudi kitini, mwanamke mmoja wa upande wa kwao Benta, ambaye sikuwa namjua, aliniinamia akaniuliza, "Mama, si nyinyi mlikuwa wake wa mtu mmoja? Mbona watu wanasema mlikuwa marafiki?" Nikamjibu kwamba yote mawili ni kweli. Alinitazama kama mtu anayengoja aelezwe zaidi, lakini jeneza lilikuwa linanyanyuliwa, na pale hapakuwa mahali pa maelezo. Tangu nirudi Migori nimekuwa nikimjibu kichwani kila ninapoosha vyombo. Jibu lenyewe linahusu mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka arobaini na ushei na nikidhani tabia yangu imeshakauka kama tofali.

Ya nyuma ya hapo nitayapitia haraka. Mume wetu alipofariki, maiti yake ililazwa nyumbani kwa Benta. Kwetu Wajaluo mke wa kwanza, ndiye mimi, huitwa mikayi, nyumba yake ndiyo nyumba kubwa, na mwenye boma hulazwa humo kabla ya kuzikwa. Shemeji yangu Ogutu, kaka mkubwa wa marehemu, alitangaza kwamba nyumba yangu inavuja. Ilikuwa inavuja kweli, lakini bati lililotoboka lingezibwa kwa asubuhi moja. Nilikaa matanga yakaisha, nikatia kufuli mlango wangu, nikarudi Migori mjini nikiapa kwamba boma lile, lililo kando ya barabara karibu na Rodi Kopany, sitalikanyaga tena. Benta alibaki huko na watoto wake na kisiagi chake cha kusaga unga. Misimu ikapita hivyo, kila mtu kwake.

Biashara yangu ilikuwa vifaranga. Nilikuwa na mashine mbili za kuangulia mayai katika chumba cha nyuma pale Oruba, chumba chenye joto la kudumu na harufu ya maganda, na kila Jumanne asubuhi niliwapanga vifaranga wa siku moja katika maboksi yaliyotobolewa matundu, nikawapelekea wateja Homa Bay. Kisha pikapu yangu ikafa injini, na mafuta yalikuwa yamepanda kiasi kwamba watu waliacha magari yao yameegeshwa uani kama samani. Wakati huohuo mhandisi mmoja wa mradi wa barafu ya samaki kule Muhuru Bay alikuwa anahama, na alikuwa na gari dogo la umeme ambalo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa la rangi ya maziwa, limetumika Japani kisha likatumika Muhuru. Nikalinunua. Vijana wa bodaboda wa pale kwetu waliliita pasi, kwa sababu linachomekwa ukutani.

Betri yake ilikuwa imezeeka. Ikijazwa usiku kucha ilinitoa Migori, ikanipitisha Awendo na Rongo, ikaniteremsha hadi Homa Bay, na hapo ikawa imebakiwa na pumzi ya kumpeleka mtu kanisani na kumrudisha. Aliyenifundisha kuishi nayo alikuwa Maroa, fundi wa stima, Mkuria wa Kehancha aliyehamia Migori, mtu mrefu asiyecheka haraka. Alinifungia soketi ya kuchaji nyumbani, kisha akaketi mezani kwangu mbele ya chai na chapati akachora barabara nzima juu ya kifuniko cha boksi la vifaranga, vilima akiviwekea alama kama meno. "Mama, watu wanakosea hapa," akasema. "Wanauliza, gari itanifikisha wapi? Hiyo swali ni mbaya. Uliza, nitarudi na nini? Safari ya hii gari unaipanga kutoka mwisho ukirudi nyuma." Akanionyesha kwamba Homa Bay iko chini kando ya ziwa, kwenda ni kuteremka na kurudi ni kupanda, na kwamba mtu akiteremka bila akiba atauza gari hukohuko. Akanifundisha kuendesha polepole, kuzima kiyoyozi hata nikitokwa jasho, na kuondoa mguu mapema kwenye mteremko ili betri irudishiwe kidogo. Lakini yote hayo hayakutosha. Ilibidi nipate mahali pa kuchaji katikati ya njia, wakati wa kwenda.

Nilipatafuta. Gari lile lilikuwa na tabia moja: waya wake wa kuchajia ulikuwa na taa ndogo, na kama soketi haikuwa na waya wa ardhini, ule unaopeleka hitilafu ya umeme udongoni, taa iliwaka nyekundu na gari likakataa kula. Katika nyumba ya wageni Homa Bay taa iliwaka nyekundu kila chumba tulichojaribu, na mhudumu akaniambia pole kana kwamba nimefiwa. Kwenye duka moja pale Rodi taa iliwaka kijani, lakini baada ya muda ukuta ukaanza kunuka, na mwenye duka akachomoa waya akaniomba, kwa adabu kabisa, nisirudi. Rongo nilipata ukumbi wa kanisa wenye soketi nzuri. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Wiki ya pili stima ilipotea asubuhi ikarudi alasiri, nami nikashinda kwenye benchi la kanisa nikisikiliza vifaranga wakipunguza sauti. Nilipofika Homa Bay walikuwa wamelegea, baadhi wamekufa. Mteja wangu mkubwa, mwalimu mstaafu mwenye banda kwenye barabara ya Mbita, aliyapokea maboksi akaanza kuwatenga waliokufa. Afadhali angenigombeza. Nilijua kwamba nikimletea wengine wa namna ile, atarudi kwa wauzaji wa Kisumu, na wengine watamfuata.

Nikamwita Maroa tena mezani. Alikitazama kile kifuniko cha boksi kwa muda mrefu. "Tafuta kisiagi," akasema. "Kisiagi inayosaga vizuri iko na waya mnene na iko na ardhi. Hakuna kisiagi hapo katikati?"

"Kiko kimoja," nikasema.

"Mwenyewe ni mtu mbaya?"

"Mwenyewe ni mke mwenzangu."

Maroa akaikoroga chai yake, ambayo sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani. "Na stima yake, ni mbaya?"

"Sijui."

"Basi hiyo ndiyo tunataka kujua."

Kisiagi cha Benta kilikuwa kando ya barabara, nje kidogo ya ua wa boma, na Jumanne ile nilijiambia kwamba kwa kuwa kiko nje ya ua, kiapo changu bado ni kizima. Wanawake walikuwa wamejipanga na mabeseni yao ya mahindi na mtama. Benta alitoka mlangoni akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwembamba, mwenye mikono mirefu ya mtu aliyezoea kuinua magunia. Alilitazama gari kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Mikayi."

"Nyachira," nikajibu, ndilo jina la mke wa pili. Hatukuwa tumeitana kwa namna yoyote tangu mazishi.

"Hii gari ndiyo inakula stima?"

"Ndiyo. Nimekuja na tokeni zangu mwenyewe za stima."

"Ngoja nimalize hawa wamama. Mashine ikisaga, stima haitoshi wawili."

Alisaga mpaka beseni la mwisho, akazima mashine, akanionyesha soketi ukutani kwa kidole. Nikachomeka. Taa ikawaka kijani, ikabaki kijani. Nikarudi ndani ya gari nikashusha vioo, nikala mkate wangu mkavu, na saa zote hizo nilikaa nikiitazama barabara kama askari wa lindo. Alipita karibu na gari mara kadhaa akienda kuchota maji. Hakunikaribisha, nami sikumpa nafasi ya kunikaribisha. Alasiri nikateremka Homa Bay, nikawakabidhi vifaranga wakiwa hai na wenye kelele, nikapanda kurudi Migori na akiba ikabaki. Maroa alifurahi kuliko mimi. Alikichukua kile kifuniko akatia duara kubwa pale Rodi.

Wiki iliyofuata jua lilikuwa la kuangua mayai bila mashine. Gari limesimama, hakuna upepo, na vifaranga nyuma yangu wakaanza kufungua midomo. Niliwapepea kwa gazeti. Benta akaja bila kuitwa, akafungua mlango wa nyuma, akabeba maboksi mawili mara moja, moja juu ya jingine. "Wewe unaweza kukaa kwa jua, hiyo ni haki yako," akasema. "Hawa hawajakosana na mtu." Akaingia nao ndani ya ua, kuelekea nyumbani kwake. Kile kiapo changu kilivunjika hapo, kwa sababu nilibeba boksi lililobaki nikamfuata. Baadaye nilijaribu kuona uchungu juu ya jambo hilo lakini sikufaulu. Vifaranga walikuwa wangu, na mahali palipokuwa na kivuli palikuwa pale.

Chumba chake bado nakiona. Makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kalenda ya kanisa, redio juu ya meza ya kona, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Ukutani kulikuwa na picha ya mume wetu, na picha ile niliijua, kwa maana ninayo nyumbani. Katika ile yangu nimesimama kando yake. Katika hii mtu wa studio alikuwa amenikata vizuri, vikabaki vidole vyangu tu begani kwake. Benta aliniona nikitazama.

"Ni picha yenye alikuwa anacheka," akasema. "Sikuwa na ingine."

Ilikuwa kweli. Marehemu hakupenda kucheka mbele ya kamera, na siku ile nilikuwa nimemfinya. Benta akaleta ugali wa mtama, omena, wale dagaa wa ziwani, na mnavu, akaviweka mezani akaketi mbali. Watu wetu huogopa kula chakula kwa mtu waliyekosana naye kama hawajapatanishwa, husema kitawarudia watoto. Nikasema nimeshiba. Akafunika sahani bila kuudhika, na nilipokuwa naondoka nilisikia akiwaita watoto waje wale. Jumanne iliyofuata aliweka tena, nikasema tena nimeshiba. Jumanne ya tatu nilikuwa nimetoka Migori bila kifungua kinywa kwa sababu mashine moja ilikuwa imesumbua asubuhi, na harufu ya omena iliyokaangwa na nyanya ilinikuta mlangoni. Nilinawa mikono. Hakuna aliyetupatanisha wala kutuombea. Nilikula tu, naye akaangalia pembeni ili nisione aibu. Hata leo naamini upole wake ulikuwa katika kujua mahali pa kutazama.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyojipanga. Jumanne ilikuwa na saa za kusaga na saa za gari, na wateja wa Benta walijifunza kufika mapema au kungoja jioni. Kama kulikuwa na mvua usiku, nilimpigia simu alfajiri kumuuliza kama stima iko kabla sijapakia, na sauti yake ikawa ya kwanza ninayoisikia siku hiyo: "Iko, kuja," au "Imepotea, ngoja." Alijifunza kusoma vile vijiti vinavyoonyesha kiasi cha betri kwenye dashibodi, akawa ananiambia kabla sijatazama: "Leo umekimbia. Umefika na vijiti viwili." Nami nilijifunza kwamba anapenda chai ya tangawizi bila sukari, kwamba Ijumaa jioni hafungui kisiagi hata kwa chifu kwa sababu Sabato imeingia, na kwamba anaimba sauti ya pili akiwa anadhani hakuna mtu. Juu ya marehemu tulizungumza mara chache, na kwa mambo madogomadogo, kama vile wanawake wawili waliowahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Kila wiki shemeji Ogutu alinipigia simu. Alikuwa ameanza tangu mazishi, na nilikuwa nazipenda simu zile. Aliniuliza afya, akanipa habari za boma, na kila mara alimalizia kwa sauti ya kunionea huruma: "Mikayi, wewe ndiye mkubwa hapa. Usikubali kudharauliwa. Wacha kwanza Nyachira ajue uzito wako." Aliposikia kwamba nachaji gari kwa Benta, alisema, "Chaji tu, lakini usiingie sana. Kuna mambo." Nilimuuliza mambo gani. Akasema mtandao unakatika.

Mambo yenyewe niliyasikia dirishani. Dirisha la chumba cha Benta lilitazama mgongo wa kisiagi, ambako wanawake walikaa kwenye benchi wakingoja zamu, na mtu akiketi kwenye kochi la kona husikia kila neno. Ilikuwa karibu na mvua za masika. Benta alikuwa ndani ya kisiagi akirekebisha mkanda wa mashine, mimi nilikuwa na sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, mapajani, nikitoa maharagwe yaliyo magumu.

"Na mwaka huu hapandi tena?" sauti moja ikauliza.

"Atapanda aje na mikayi hajafungua shamba?" ikajibu ya pili, ya mtu mzima. "Watoto wake wanakula unga ya kubakisha kwa mashine. Shamba ya chini yote ni nyasi."

"Ng'ombe ya Ogutu nayo imenona."

Wakacheka kidogo. Kisha ile ya kwanza ikasema, "Lakini si mikayi ndiyo huyo yuko ndani kila Jumanne? Kwa nini Benta asimwambie?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, mtu akikuja kwako na shida yake, usimuwekee yako juu ya sahani."

Nilibaki na kijiko hewani. Desturi niliijua tangu utoto, ila sikuwahi kuiona kutoka upande ule. Katika boma la Kijaluo mikayi ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini, ndipo nyumba nyingine zinaweza kupanda. Mimi nilipofunga mlango wangu, nilidhani nimefunga mlango wangu. Kumbe shamba lote la bondeni, lile zuri lenye udongo mweusi karibu na kijito, lilikuwa limesimama likiningoja, na shemeji aliyekuwa ananisihi nisidharauliwe alikuwa anaswaga mifugo yake humo. Benta alikuwa mtu wa kanisa, angeweza kusema hayo ni mambo ya wazee, lakini Ogutu alikuwa amemwonya mbele ya watu kwamba akipanda kabla yangu na mtoto akaugua, asimlilie mtu. Kila Jumanne alinipa stima, kivuli na chakula, na hata siku moja hakuniomba kile alichokihitaji kuliko vyote.

Alipoingia akijifuta mikono nilimtazama usoni nikatafuta kama kuna kitu anangoja. Hakukuwa na kitu. "Hizo nyoyo hazijaiva?" akauliza. Nikamwambia zimeiva.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira, na kwa muda wa kilima kizima sikujua ni ya nani. Nilipofika Rongo nikawa nimejua. Siku mbili baadaye nilimkalisha Maroa mezani nikamwambia nataka safari ya namna nyingine: nifike Rodi jioni, nilale, na alfajiri niwe shambani na jembe, kwa sababu mikayi hatoki mjini akashukia shambani kama afisa wa kilimo. Hutoka katika nyumba yake. Maroa aliuliza maswali ya fundi tu. Gari litalala wapi, mvua ikinyesha kutoka lami hadi bomani kuna matope kiasi gani, mzigo ni kilo ngapi. Nikamwambia gunia la mbegu na jembe moja. "Hiyo ni nyepesi kuliko kuku," akasema. "Jaza usiku huko kwa kisiagi, asubuhi utakuwa na kila kitu." Kisha, akiwa tayari amesimama: "Na hiyo nyumba yako, Mama, haivuji?"

Ilivuja. Kufuli lilikuwa na kutu, Benta akaleta mafuta ya mashine tukalifungua pamoja. Sikumwambia nimekuja kwa nini, nilisema nataka kuangalia paa. Alitazama jembe na gunia, akatazama juu, akasema anaenda kutafuta karai la kukingia maji. Nililala kona iliyokuwa kavu.

Alfajiri nilishuka bondeni peke yangu. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, kwa hiyo nilifyeka ukanda mmoja tu, nikachimba mashimo, nikatia mahindi na maharagwe. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Sijui kama niliomba, nadhani nilihesabu mashimo tu. Nilikuwa nimemaliza mstari wa kwanza niliposikia kengele za ng'ombe, na Ogutu akatokea nyuma yao na fimbo na koti lake la mvua. Benta naye alikuwa amekuja, amesimama juu ya tuta la mpakani, jembe begani, hajakanyaga ndani.

"Mikayi," Ogutu akasema, "hukuniambia unakuja."

"Na wewe hukuniambia ng'ombe wako wanakula hapa."

"Nilikuwa nakutunzia."

"Asante kwa kutunza, shemeji. Sasa wapeleke wakanywe maji."

Alimtazama Benta kana kwamba jibu liko kwake. Benta alikuwa anautazama mstari wangu, ambao ulipinda, maana nilikuwa nimekaa mjini muda mrefu. Ogutu akasema kuna utaratibu, wazee wangepaswa kuitwa, kuna maneno ya kusemwa kwanza. Nikamwambia siku ya mazishi kulikuwa na utaratibu pia, na yeye mwenyewe alisema bati limetoboka. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtajia mwenzake bei ya sukari, na nadhani ndiyo sababu hakupata pa kushika. Akapiga mluzi. Ng'ombe wakageuka mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado wanatafuna, na shambani ikabaki harufu yao. Wiki ile simu yake haikuja, wala iliyofuata.

"Nyachira," nikaita, "sasa shuka."

Akashuka. Kwanza alifunga macho akaomba kwa Kijaluo, sala fupi ya kushukuru, kisha akaanza mstari wake mita chache kutoka kwangu. Alikuwa na kasi. Jua lilipochomoza kabisa akasema, "Mikayi, mashimo yako ni ya kina sana. Mahindi itachoka kabla ifike juu." Nikayapunguza kina.

Watu hupenda kusikia kwamba baada ya hapo tuliketi tukalia na kuombana msamaha. Hatukufanya hivyo. Mimi nilikodi mtu wa kubadilisha mabati yangu, naye Benta akawa anamsimamia kwa sababu nilikuwa Migori. Yeye alinitumia ujumbe mahindi yalipoota, mimi nikaja kuvuna mstari wa kwanza, naye akavuna iliyobaki. Yule mwalimu mstaafu wa barabara ya Mbita aliongeza oda yake. Nilifungua njia ya Kehancha siku za Alhamisi, ambako Maroa alikuwa na ndugu mwenye karakana ya kuchomelea, na huko nilichaji kati ya milango ya chuma na kula ugali wa muhogo na watu ambao sikuwa nimekosana nao kamwe. Ilikuwa raha, lakini ilikuwa raha ya ugenini. Gari lile lilinifundisha kwamba mtu asiyehitaji kusimama popote anaweza kupita nje ya mlango wa ndugu yake maisha yake yote, akiamini ana haraka.

Mwaka ulipokuwa unaisha, hoteli mpya iliyojengwa karibu na ziwa, Homa Bay, ilifunga mashine ya kuchaji magari, ile ya haraka, kwa ajili ya wageni na wapita njia. Maroa alikuja kunipa habari akiwa amevaa shati safi. "Sasa Mama, mambo imekwisha," akasema. "Unateremka moja kwa moja. Unachaji kwa hoteli ukila chipsi. Hakuna haja ya kungojana na kisiagi." Habari ilikuwa imefika Rodi kabla yangu, kama habari zote zinavyofika kwenye benchi la kisiagi. Jumanne hiyo sikumpigia Benta simu kuuliza kama stima iko, kwa sababu haikunihusu tena. Nilipokaribia nilimwona mlangoni, mweupe kwa unga, nikapiga honi. Aliinua mkono akaushusha. Nikapita.

Hotelini palikuwa pazuri, sitasema uongo. Mashine ilijaza betri kwa muda ambao kwa Benta tungekuwa bado tunachambua mboga. Niliketi chini ya mwavuli nikanywa soda, ziwa mbele yangu, na mhudumu akaniita madam. Hakuna aliyeniuliza nimefika na vijiti vingapi. Niliwagawa vifaranga wote kabla ya saa nane, nikaanza kupanda kurudi na betri ambayo ingenifikisha Migori bila kuomba kitu kwa mtu yeyote. Pale Rodi nikawasha indiketa.

Benta alikuwa anafagia mbele ya kisiagi. Hakuacha kufagia. Nilirudi nyuma mpaka usawa wa ukuta kama siku zote, nikatoa waya, nikachomeka kwenye ile soketi, taa ikawaka kijani. Akaegemeza ufagio, akaja dirishani akainama akaangalia dashibodi.

"Karibu imejaa."

"Karibu imejaa," nikakubali.

"Sasa unachaji nini?"

Barabarani lori la miwa lilipita, na wote wawili tukangoja kelele zake ziishe. Kisha Benta akaenda ukutani, akachomoa waya, akaukunja mzingo kwa mzingo kama nilivyokuwa nimemfundisha, akaniwekea mikononi.

"Weka hii kwa gari," akasema. "Halafu kuja unisaidie kukausha omena, wingu linakuja. Leo wewe si mgeni wa stima."

Niliuweka waya kwenye buti la gari, nikafunga milango, nikavua viatu vya mjini, nikaingia uani.